Arumu Nyuma ya Bafu

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mtu akinisalimia kwa furaha ya kupita kiasi, najiuliza anataka nini. Muuzaji wa sokoni akinichagulia nyanya kwa mkono wake, nazimwaga zote nianze upya. Mama yangu kule Bukavu alikuwa hivyo hivyo. Zawadi ya Noeli aliigeuza na kuinusa mpaka aliyeileta akaona haya. Katika maisha yangu yote ya Baraka, mji wa kando ya ziwa Tanganyika, kitu kimoja tu ndicho sikukishuku hata siku moja, nacho ni arumu zangu.

Arumu ni lile ua jeupe lililojikunja kama karatasi ya karanga, lenye kidole cha njano katikati. Bukavu hakuna anayelishangaa. Linaota mitaroni, kwenye nyua za masista, popote penye baridi na maji. Shuleni tuliambiwa kwamba ile sehemu nyeupe si ua hasa, ni jani lililobadilika rangi, na maua yenyewe ni vile vichembe vidogo vilivyobanana kwenye kidole. Nilibisha. Nikamwambia mwalimu kama hilo si ua basi na mimi si mtoto wa mama yangu. Alinipigisha magoti uani, na hata nikiwa nimepiga magoti niliendelea kulitazama lile lililokuwa mbele yangu.

Nikaja Baraka kufundisha, nikaolewa huko huko na fundi wa mota za mitumbwi, mtu wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, mpole, mwenye mikono inayonuka mafuta hata akioga mara tatu. Ziwa nililipenda. Joto sikulipenda. Mwaka wa nne nilipanda lori kwenda kumwona mama, na nilipokuwa narudi nikaficha viazi sita vya arumu ndani ya kipande cha gunia lenye maji. Kwenye barieri moja ya barabarani mwanajeshi akanifungulisha mzigo.

"Mama, ii iko nini?"

"Iko maua, chef."

"Maua? Bantu banabeba unga, we unabeba maua?"

Hakuamini. Alichukua kiazi kimoja, akakibandua kwa kucha, akakinusa, akanitazama kama mwongo. Lori lilipoondoka nilimwona anajikuna vidole kwa nguvu. Utomvu wa arumu unawasha, tena sana, na ukiingia mdomoni ni balaa. Hilo mimi nilikuwa nalijua tangu utotoni, kama ninavyojua kwamba moto unaunguza. Nilicheka peke yangu mpaka tukafika bondeni.

Viazi vitatu nilivipanda mbele ya nyumba ili wageni wavione. Jua la Baraka halikuniuliza, majani yakakauka ndani ya wiki. Cha nne kilioza. Nikabaki na viwili, na nikaanza kuzunguka kiwanja changu kama mwizi, nikigusa udongo kwa kiganja, kutafuta mahali pasipokauka mwaka mzima. Palikuwa mahali pamoja tu: nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea chini ya ukuta na kuingia kwenye mfereji, kivulini mwa migomba. Nyumba zote za Baraka zina mahali hapo, na nyumba zote hupanda hapo mateke, yale magimbi yenye majani mapana. Yanataka maji, hayataki shida, na siku mfuko ukiwa mtupu unayachimba unakula. Niling'oa mateke yangu, nikapanda arumu.

Nilijifunza kwa kukosea. Kiazi cha arumu hakizikwi kwa kina, kinafunikwa kidogo tu, macho yake yakitazama juu. Jua la asubuhi kinalivumilia, la mchana hapana. Mavi ya mbuzi yawe makavu na ya zamani, maana mabichi yanakichoma. Konokono nilikuwa nawaokota kwa mkono kukipambazuka, na nyumbani kwangu ilikuwa marufuku kumwaga maji ya javeli, yale ya kuua vijidudu, bafuni. Mwaka wa tatu zilikuwa zimejaa mfereji mzima, majani mapana yenye ncha, yanafika kiunoni.

Na zilipochanua, jamani! Chipukizi linatoka kijani, limekaza kama ngumi ya mtoto mchanga. Siku ya pili ncha inaanza kuwa nyeupe, siku ya tatu inajifungua upande mmoja, taratibu, halafu unaamka unakuta ua zima limesimama, na tone moja la maji linateleza kutoka ndani mpaka kwenye ncha. Nilikuwa naenda kuziangalia kabla sijawasha makala ya jikoni. Sikuzikata kwa kisu, unashika bua chini kabisa, unalizungusha, unalivuta, linatoka zima na kukaa kwenye glasi wiki nzima. Bibi jirani yetu, Mwislamu, mama wa wenye mitumbwi, alisimama siku moja kwenye ua wa matete akasema, "Hili limevaa kanzu ya Ijumaa." Nilimpa matatu hapo hapo.

Wengine hawakuwa kama yeye. Linaliwa? Hapana. Linatibu? Hapana. Unaliuza? Hapana, kanisani ninatoa bure. Basi linafanya kazi gani? Niliwajibu kwamba linapendeza, na wakaniangalia vile ninavyowaangalia mimi watu wa nyanya. Kwa kuwa hawakuridhika walijitafutia jibu lao, na likanifikia kupitia kwa mwanafunzi wangu: Madamu ameleta dawa ya Bukavu ya kumfunga mume. Nilichemka. Mume wangu yeye alicheka mpaka akakaa chini. "Basi nimefungwa vizuri," akasema, akaenda kuoga, na akatoka bafuni na arumu moja nyuma ya sikio, taulo kiunoni, anatembea kama bibi harusi. Nilimpenda sana siku ile.

Halafu akaja yaya.

Yaya ni dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea kule Ubwari, kwa hiyo kwangu alikuwa zaidi ya wifi, alikuwa mama mkwe kamili. Alivuka kwa mtumbwi kuja kutibiwa macho, akasema atakaa wiki moja, akakaa miezi miwili. Kwa mtu mwenye macho mabovu alikuwa anaona mengi! Aliona kwamba sufuria yangu kubwa ina tobo lililozibwa. Aliona kwamba ndugu yake amekonda. Aliniita Madamu, lakini neno hilo alilitoa kama mtu anayetema kokwa. Mimi nami sikulala. Nilifunga kabati la sukari, nikatia alama kwenye chupa ya mawese. Tulikuwa tunasalimiana vizuri sana, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Jioni moja akatoka bafuni anajifuta miguu.

"Madamu, kule nyuma ya dushi uko na mateke mingi."

"Si mateke, yaya. Usiyaguse."

"Sasa iko nini?"

"Iko vitu vyangu."

Basi. Hilo ndilo jibu nililompa, na sitakaa nilisahau. Ilikuwa kiangazi, arumu hazikuwa na ua hata moja, majani tu, na mtu asiyezijua hawezi kuzitenga na mateke. Ningeweza kusema: ni maua, usile, yanawasha koo. Maneno matano. Lakini nilijisemea moyoni: huyu mama nikimwambia kwamba ninafuga kitu chenye sumu nyuma ya bafu, kesho Ubwari yote itajua. Mimi ni mtu wa Bukavu. Kule ziwani, ukitaja mtu wa Bukavu na sumu kwa pamoja, neno linalofuata ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu karibu kila kifo kinasingiziwa. Nikaogopa neno hilo. Nikafunga mdomo.

Siku ya mitihani nilichelewa shuleni. Watoto wangu walikuwa nami, mume alikuwa bandarini. Nilipokata kona ya nyumbani nikaona watu wamejaa uani kwangu, wanawake wameshika vichwa. Yaya amekaa chini, mgongo ukutani, midomo imevimba mpaka haifungi, mate yanamtiririka kifuani. Hakuweza kusema. Aliponiona aliinua mkono akaninyooshea kidole, akakishikilia hapo.

"Karuho!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. "Amemulisha karuho!"

Nikakimbilia jikoni. Sufuria bado ilikuwa ya moto, ndani yake vipande vyeupe na samaki wa mikeke, mawese juu. Nikakimbia nyuma ya bafu nikakuta mashimo manne, udongo mbichi, na majani ya arumu yamepangwa vizuri pembeni, kama mtu anavyopanga majani ya mateke ili ayapike kesho. Mama yangu wee! Nilirudi nashika sufuria kwa mikono mitupu, nikaungua, sikusikia. Mume wangu alikuwa amefika na pikipiki. Alimpakia dada yake katikati, akanitazama mara moja, akaitazama sufuria, akaondoka.

Niliwafuata kwa miguu. Kituo cha afya muuguzi aliangalia mdomo wa yaya, akanisikiliza, akachukua kipande kwenye sufuria na kukisugua kwenye ngozi ya mkono wake mwenyewe. Baada ya muda kidogo akajikuna. Akawaambia wote waliokuwa pale, kwa sauti ya kusikika, kwamba hii si karuho, ni mmea unaowasha, kwamba mama huyu ameuchimba na kuupika mwenyewe, na kwamba kwa bahati alitafuna kidogo akatema. Alimsukutua, akampa kitu cha kupunguza uvimbe. Siku ya pili yaya alikuwa anasema. Neno lake la kwanza lilikuwa la haki, lazima nikiri. "Nilifikiri ananinyima mateke," akamwambia muuguzi. "Nikasema nitapika, akuye akute nimepika, apate haya."

Ningefurahi mambo yangeishia hapo. Lakini yaya alikuwa na akili, na akiwa amelala kwenye kitanda cha kituo alikuwa amefikiri. Jumapili wakaja watu wa Ubwari na mtumbwi: baba mdogo wa mume wangu na wazee wawili. Wakakaa sebuleni kwetu. Yaya akaliuliza swali lake polepole, midomo bado mizito.

"Alijua iko sumu. Kwa nini aliipanda pahali pa mateke? Na mi nilimuuliza. Kwa nini hakuniambia?"

Nilijibu. Nilieleza habari ya maji, ya kivuli, ya jua la Baraka. Nilieleza kwamba niliogopa maneno. Nilikuwa nawafundisha watoto sitini bila kutetemeka, lakini pale sauti ilikuwa inanitoka vipande vipande, na kila nilichosema kilisikika kama kisingizio. Wale wazee hawakuwa wabaya. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mume wangu.

"We mwenye nyumba, unasema nini?"

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Sikutaka anitetee kwa kelele, sikutaka agombane na dada aliyemlea. Nilitaka aseme mbele ya watu wake: mke wangu hawezi kufanya kitu kama hicho. Basi. Miaka kumi na moja nimelala naye kitanda kimoja, nimemzalia watoto watatu, nimefua nguo zake zenye mafuta. Nilimtazama mpaka macho yakaniuma.

"Yaya amepona," akasema. "Tumushukuru Mungu. Haya maneno tuyaache."

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakasema amesema vizuri. Uchungu ule hata wa uzazi haukufika hapo.

Wakaamua maua yatoke. Nikasema nitayatoa mwenyewe. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, nikachukua jembe, na nguo zangu za kanisani bado mwilini. Udongo ulikuwa laini, nilikuwa nimeutengeneza kwa miaka. Viazi vilitoka vikubwa, vimeshikana, vina macho mapya yanayoanza kufunguka. Nilijaza beseni mbili, nikavitupa kwenye shimo la choo, nikarudi kutafuta vidogo vilivyobaki, nikavitupa navyo. Nililia kwa sauti, nikipenga kamasi kwenye kitenge, na sikujali nani anasikia. Mume wangu alisimama mlangoni. Hakuja.

Yaya alirudi kwao wiki ile ile. Tuliagana vizuri. Mwezi uliofuata akaniletea mikeke mikavu kwa mtumbwi, na salamu kwamba hana kinyongo. Sasa nisikilizeni nilivyo mimi: samaki wa kwanza nilimpa paka, nikamchunga saa nzima. Paka alikula akalala. Ndipo nikawapikia watoto. Kwa hiyo sina haki ya kumhukumu mtu, najua.

Ni wakati huo mume wangu alipoanza kushiba.

Alikuwa anarudi jioni, ananawa, anakaa na watoto, na nikitenga chakula anasema, "Nimeshiba, mama. Nilikula kule chini." Nikadhani ni kazi nyingi. Siku ya pili, nimeshiba. Ya tatu, tumbo halijakaa vizuri. Nilipika sombe ya majani ya muhogo na mikeke ya kukaanga, kitu ambacho zamani alikuwa anakula mpaka anafungua kifungo cha suruali. Alitoa sifa, akasema kinanukia vizuri, akawasukumia watoto. Maji alikuwa anajichotea mwenyewe, kwa kopo analolisuuza mwenyewe. Nililiona hilo. Mimi mtu wa kushuku, mwenye kutia alama kwenye chupa za mawese, nililiona na sikulielewa, maana nilikuwa nimeshaamua: kuna mwanamke.

Nilinusa mashati yake. Nilifungua simu yake akiwa anaoga, nikakuta picha za mota na sauti za wateja wanaolalamika. Nikawa nawatazama wanawake wa Baraka mmoja mmoja njiani: huyu? yule? Mwishowe Jumamosi moja, saa sita mchana, nikaazima kitenge cha jirani ambacho mume wangu hakijui, nikajifunika kichwa, nikateremka bandarini.

Karibu na mahali anapotengenezea mota kuna kibanda cha mbao, watu wanakula pale. Nilisimama nyuma ya magunia ya muhogo nikachungulia. Mpishi alikuwa bibi kizee asiye na meno. Wabebaji mizigo watano walikuwa wanakula kwa haraka. Na kwenye kona, peke yake, mume wangu, ameinamia bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, anakula kwa njaa ya kweli, njaa ya mtu ambaye tangu jana hajala. Nikasubiri mwanamke atokee. Nilisubiri sana. Niliangalia mlango wa nyuma, niliangalia kila kitenge kilichopita. Nasema ukweli mbele ya Mungu, nilianza kuomba: Bwana, mlete. Mlete hata kama ni mzuri kuliko mimi. Mwanamke ningejua pa kumwanzia, ningemvua kilemba, ningepiga kelele, watu wangetuamua, yangekwisha.

Hakuja mtu. Ndipo nikaelewa. Watoto aliwaacha wale kwangu kwa sababu hakuna mama anayelisha watoto wake karuho, hilo kila mtu analijua. Anayelishwa ni mume.

Nikatoka nyuma ya magunia, nikavua kile kitenge kichwani, nikaingia. Alishtuka.

"Mama! Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu. Nasikia njaa."

Nikanawa mikono kwenye beseni, nikaketi mbele yake. Nikamega bugali kutoka sahani yake, nikachovya kwenye ndagala zake, nikala. Nikamega tena. Aliutazama mkono wangu ulipoingia kwenye sahani na ulipotoka. Tonge lake mwenyewe alikuwa ameliweka chini.

"Kula, mama," akasema kwa upole wake ule ule. "Kula tu." Akamwita yule bibi: "Koko, uniletee sahani ingine."

Nikadhani ameona haya. Nikadhani ananiagizia mimi, kama mgeni wake, na kwa dakika ile nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu. Bibi akaileta, ina mvuke, akaiweka mbele yangu. Mume wangu akanyoosha mkono, akaivuta upande wake, akanisogezea ile ya kwanza, na akaanza kula upya.

Mimi nilikula ile niliyoachiwa, bugali yote na ndagala zote na mchuzi, nikimtazama usoni ili aone kwamba nakula. Hakuinua macho.